Kilebu na Fimbo

Lugha ya mwambao ina maneno mengi ya kumfukuza mbwa na machache ya kumwita. Hata jina la mtoto wake, kilebu, huonekana zaidi kamusini kuliko kusikika barazani. Sababu haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa visiwani: katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara. Kwamba watu wameigeuza kuwa ruhusa ya kumrushia jiwe kila kijibwa apitaye uchochoroni, hilo ni lao wenyewe. Hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake, husomwa katika misikiti ile ile inayofundisha hukumu ya mate.

Tena dini ilimpa mbwa cheo cha mwanafunzi. Aya ya 4 ya Suratul Maida huhalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa, na kwa hiyo mafakihi walilazimika kuuliza: mbwa huhesabiwa lini kuwa amefunzwa? Wakataja alama: akitumwa aende, akizuiwa asimame, akikamata asile bali amwekee bwana wake, na yote hayo yawe mazoea, si tukio la mara moja. La kuzingatiwa ni kwamba alama hizo hutazamwa mahali ambapo mkono wa bwana haufiki. Mbwa yuko porini, njaa anayo, nyama iko kinywani mwake.

Wasasi wa Unguja na Pemba, waendao na mbwa kuwasaka nguruwe waharibifu wa mihogo, hawana haja ya kuambiwa haya. Methali isemayo kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia hutajwa mara nyingi kama sifa. Isomwe polepole, itaonekana kuwa ni shitaka vilevile: ukali wa mbwa una mwenyewe, naye hana miguu minne.

Lakini swali la kimaadili huanza mapema kuliko windo. Kilebu wa wiki 8, aliyetoka tu kwa mama yake, hana pa kwenda. Lango limefungwa, na chakula kimo mikononi mwa mtu yule yule mwenye fimbo. Kumpiga hakumgharimu mtu huyo chochote. Hakuna mzazi atakayekuja kulalamika mlangoni, na aliyepigwa hatasimulia. Je, upole una maana gani mahali ambapo ukali hauna gharama?

Itazamwe kesi ya mkeka uliolowa. Kilebu wa umri huo hawezi kuuzuia mkojo kwa muda mrefu, kama asivyoweza mtoto mchanga. Mwenyewe hurudi baada ya saa nzima, akaona, akamshika shingo, akamsukumia pua penye unyevu na kumchapa. Hapana shaka kilebu hujifunza jambo, ila silo alilokusudiwa. Hujifunza kuwa bwana akiingia, maumivu huingia naye. Kesho yake hujikunyata mara tu mlango unapolia, na bwana huwaambia jirani kwa fahari: mnaona, anajua kosa lake.

Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha jaribio juu ya sura hiyo ya hatia. Mbwa 14 walikatazwa na wenyewe kula kipande cha chakula, kisha wenyewe wakatoka chumbani. Waliporudi waliambiwa kama mbwa amekula au hakula, na mara nyingine waliambiwa uongo. Sura ya hatia ilifuata karipio, wala haikufuata kosa. Na ilizidi kwa mbwa waliokaripiwa hali hawakula kitu. Kumbe kilichoitwa adabu kilikuwa ni hofu, na aliyeitazama ndiye aliyeitengeneza. (Mwalimu wa watoto asomaye haya hatakosa kumkumbuka mwanafunzi mmoja au wawili.)

Watetezi wa fimbo wana methali yao pia: samaki mkunje angali mbichi. Ni nani, lakini, aliyewahi kumkunja samaki mbichi kwa nguvu? Mbichi hujipinda kwa kidole. Mkavu ndiye atakaye nguvu, na huyo huvunjika. Methali yasema habari ya wakati, nayo kwa wakati ni kweli. Kitabu cha Scott na Fuller, kilichotolewa Marekani mwaka 1965 baada ya miaka mingi ya uchunguzi, kilionesha kuwa kipindi cha wiki ya 3 hadi ya 12 hivi ndicho kilebu anachoizoea dunia. Adhana, baiskeli, mtoto akimbiaye, mzee mwenye mkongojo: akivikuta kwa utulivu katika siku hizo, huvihesabu kuwa ni sehemu ya maisha. Akivikuta pamoja na kipigo huenda akaviogopa hadi uzeeni, na mbwa mwenye hofu aghalabu ndiye aumaye.

Njia ya upole iliyoenea leo kwa wafugaji wengi inadaiwa sehemu yake na bahari. Karen Pryor, ambaye kitabu chake cha mwaka 1984 kiliwafikia wafugaji wengi wa mbwa, alikuwa mfunzi wa pomboo huko Hawaii katika miaka ya 1960. Pomboo hafungwi kamba shingoni wala hachapwi. Akiudhiwa hupiga mkia na kwenda zake. Mfunzi amebakiwa na filimbi, samaki na subira. Watu wa Kizimkazi, waonao pomboo wakija na kuondoka wapendavyo, wataelewa upesi. Ajabu ni kuwa mwanadamu alilazimishwa kuwa mpole na kiumbe awezaye kuondoka, ndipo akafikiri kumfanyia hivyo yule asiyeweza.

Wapo wasemao kuwa kipande cha nyama ni rushwa tu, na kwamba upole wa aina hii ni ujanja wa mtawala aliyeificha fimbo. Hoja hii si ya kudharauliwa. Anayelisha bado ndiye anayeamua. Hata hivyo upole si kumwachia mnyama kila atakalo: kilebu aumaye vidole katika mchezo hunyimwa mchezo, mkono ukaondolewa, mtu akageuka pembeni kimya, kisha akaitwa tena. Amekatazwa, na bado anaweza kukosea na kurudi bila kuogopa. Fimbo haimwachii nafasi hiyo, nayo humhitaji mbwa awe karibu daima.

Msasi afikapo ukingoni mwa mwitu hufungua kamba. Mbwa huingia hata mkia usionekane. Kisikikacho ni majani na mbweko za mbali. Jua likipinda, msasi husimama njiani akaita jina ambalo mbwa alilizoea tangu wiki zake za mwanzo. Hana kingine kiwezacho kufika kule isipokuwa sauti hiyo, na mbwa anayo nafasi yote ya kutorudi.