UNAYAJUA YOTE. LAKINI JE, UTAWEZA?

Kijana wa Mwandoya! Karatasi hii haikukufikia kwa bahati. Usiitupe, wala usifungie karanga. Isome kwanza, ni dakika tano tu.

Nikuulize swali ambalo wazazi, walimu na wachungaji wamebishana nalo miaka mingi. Shule ikufundishe nini? Ikwambie SUBIRI mpaka ndoa? Au ikufundishe KUJIKINGA, yaani kondomu? Au yote mawili?

Wengine wanasema, ukimfundisha mtoto habari za kondomu umempa ruhusa. Wengine wanasema, vijana hawasubiri, unajisumbua bure. Je, sisi tuliookoka tunasemaje?

TUSEME KWELI

Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini kwetu walionekana Kagera. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Miaka ya 1990 vijana wakaufanyia mzaha. Wakasema AIDS maana yake ni "Acha Iniue, Dogodogo Siachi." Wakacheka sana. Wengi waliocheka hatunao leo.

Siku zile walikuwepo pia watu wa dini waliowaambia vijana kwamba kondomu zina matundu, au zimepakwa virusi. Ule ulikuwa uongo, na uongo haumwokoi mtu. Soma Yohana 8:44 uone uongo ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo mwalimu akikueleza mwili wako ulivyo, mimba inavyoingia, virusi vinavyoambukiza na kondomu inavyopunguza hatari, MSIKILIZE. Kujua si dhambi. Nabii Hosea aliwalilia watu waliopotea kwa kukosa maarifa (Hosea 4:6). Na akikwambia subiri, msikilize zaidi. Hakuna kinga inayoizidi hiyo, tena hilo ndilo agizo la Mungu aliyekuumba.

LAKINI KUJUA HAKUTOSHI!

Hebu sikia jambo lililofanyika kwa jirani zetu. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2002, katika wilaya za Kwimba, Misungwi, Sengerema na Geita, uliendeshwa mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana. Walimu walifundisha afya ya uzazi darasa la 5 hadi la 7. Zahanati ziliandaliwa kuwapokea vijana bila kuwafokea. Kondomu zikafika hadi vijijini. Watafiti wakawafuatilia vijana zaidi ya 9,000, wa vijiji vilivyofundishwa na wa vijiji ambavyo havijafundishwa, wakawapima.

Matokeo? Vijana waliofundishwa walijua zaidi. Walijibu maswali vizuri. Lakini vipimo vya virusi na vya mimba havikuonyesha tofauti ya kueleweka. Mtihani walifaulu, gizani wakashindwa kama wengine.

Usiwalaumu walimu. Sababu unaijua wewe mwenyewe. Binti anahitaji sabuni na daftari, na mwenye bodaboda anamwambia, "Panda, mtoto mzuri." Pamba imeuzwa, kijana ana hela mfukoni na pombe kichwani. Jioni watu wanatoka mnadani, wavulana wanamzunguka binti njiani: chagulaga! Achague mmoja. Mbona hakuna anayemruhusu kusema, "Sichagui hata mmoja"? Saa ile, kijana, nani anakumbuka ubao wa mwalimu?

MTU ALIYEJUA NA MTU ALIYEKIMBIA

Soma 2 Samweli 13. Amnoni alikuwa mtoto wa mfalme. Sheria ya Mungu aliijua, na Tamari alimkumbusha. Hakusikia. Alipokwisha kumharibu, akamchukia kuliko alivyompenda, akamfukuza na mlango ukafungwa. Kaka yangu, hayo ndiyo unayoyaita mapenzi?

Dada yangu, kama na wewe ulilazimishwa, dhambi SI YAKO. Mungu hakuhesabii. Mwambie mtu unayemwamini. Wahi kituo cha afya, maana ndani ya saa 72 zipo dawa za kuzuia virusi. Na aliyempa mwanafunzi mimba ajue kwamba sheria ya mwaka 2016 inasema miaka 30 jela.

Sasa soma Mwanzo 39. Yusufu alikuwa kijana kama wewe, mbali na kwao, hakuna baba wala mama wa kumwona. Mke wa bosi alimshika nguo. Yusufu akaacha nguo akatoka mbio! Kwa nini aliweza? Kwa sababu Mungu alikuwa pamoja naye mle ndani. Nguvu hiyo haiandikwi ubaoni. Inatoka kwa ROHO MTAKATIFU, naye anakaa ndani ya mtu aliyempokea Yesu.

"LAKINI MIMI NIMESHAHARIBU..."

Soma Yohana 8. Wenye mawe waliondoka, Yesu akabaki. Hakumpiga yule mwanamke. Alimsamehe, akamwagiza asirudie.

Ulijifungua ukaacha shule? Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani. RUDI! Hujapima? Nenda ukapime. Una virusi? Tangu mwaka 2004 dawa zinatolewa bure nchini, na walio wengi wanaozimeza vizuri wanaishi, wanalima, wanazaa watoto wasio na virusi. Tutakuombea kwa imani, lakini USIACHE DAWA. Akikwambia mtu uzitupe, hata kama ameshika Biblia, mkimbie kama Yusufu.

LEO USIKU

Mkutano huu utakwisha, jenereta itazimwa, utaenda nyumbani gizani. Je, kuna mtu mmepanga mkutane baada ya mahubiri? Usishtuke, tunajua. Hata uwanja wa Injili Shetani huufanya mahali pa miadi. Usipite njia ile. Ongozana na wenzako. Na kabla hujaondoka, njoo mbele tuombe pamoja. Ukiona aibu, omba hapohapo ulipo:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Najua mema, ila nashindwa kuyafanya. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu leo. Nipe Roho wako nipate nguvu ya kukimbia. Kuanzia sasa mwili wangu ni wako. Amina."

Umeomba kwa moyo wako wote? UMEOKOKA! Kesho mweleze mtu mmoja. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, soma Neno, omba kila siku. Shuleni, mwalimu akifungua somo lile, kaa mbele usikilize. Sasa unazo nguvu za kulitenda.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. Mungu akubariki!