Mashine Isiyochoka

Likizo ya Agosti mwaka jana mwanangu wa miaka 9 alikaa wiki mbili kwa nyanya yake, upande wa Kimilili, Kaunti ya Bungoma. Aliporudi kwetu Kitale alikuwa amenawiri, ila hakuweza tena kwenda chooni usiku peke yake. Taa ikizimwa, analia. Usiku wa kwanza nilimwambia asiwe mwoga. Usiku wa pili nilimkaripia. Siku ya tatu alimweleza dada yake, na dada yake akaja kuniambia mimi: katika nyumba wanamolala wavulana, binamu zake wakubwa walikuwa na simu, na ndani ya simu hiyo mwanasesere alikuwa akiwachoma watu kisu.

"Ni muvi tu," nikamwambia. "Hakuna kitu kama hicho."

Filamu yenyewe naijua. Ni Child's Play, ya mwaka 1988, na mwanasesere huyo ndiye Chucky. Mama mjane anataka kumfurahisha mwanawe anayetimiza miaka 6, pesa hazitoshi, basi anamnunua mwanasesere kwa bei nafuu kutoka kwa mchuuzi wa mtaani. Mtoto anawaambia watu wazima kwamba mwanasesere huyo anazungumza naye. Hawamsadiki. Mama anakuja kushtuka siku anapogundua kwamba betri zingali ndani ya boksi, hazijawahi kutiwa. Nilipoitazama nikiwa kijana nilikumbuka kisu na kicheko. Sasa nikiwa mzazi, sehemu inayonikosesha raha ni ile ya mwanzo: mtoto anasema kweli, na kila mtu mzima aliye karibu naye ana jibu la haraka la kumnyamazisha. Jibu langu lilianza kwa maneno matatu: ni muvi tu.

Mimi si mtaalamu wa filamu. Ni mpenzi wa kawaida, kama wanaume wengi wa umri wangu waliokulia miji hii ya magharibi. Tuliingia kwenye kibanda cha video, gunia likiwa ndilo pazia, tukabanana juu ya benchi la mbao, kisha tukatoka tukibishana kama staringi anaweza kufa. Za mapigano ndizo nilizozipenda kuliko zote, halafu zile za sayansi na mambo yajayo. Za kutisha nilizitazama ili nisichekwe, na hadi leo nyingi naziona hazina kitu ila damu. Sitaki kuandika hapa kwamba filamu zimeharibu watoto. Zilinilea kwa kiasi fulani, na singependa kuzikana.

Lakini nimezirudia kadhaa mwaka huu, na nimeona jambo ambalo kule kibandani halikunijia hata kidogo. Commando ya mwaka 1985, ambayo tuliikariri kama salamu, ni hadithi ya baba ambaye bintiye ametekwa. Risasi zote zile, chanzo chake ni mtoto mmoja anayetafutwa na mzazi wake. Mwanzoni kabisa baba na binti wako nyumbani mlimani, wanacheza, wanakula aiskrimu pamoja. Sehemu hiyo sisi tulipiga kelele ipelekwe mbele.

Halafu kuna Terminator 2, ya James Cameron, 1991. Hiyo kwangu ndiyo bora kuliko zote za aina yake, na sitarajii kubadili mawazo. Mvulana wa miaka 10 anaishi na walezi wa kambo kwa sababu mama yake amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Naye pia alisema kweli akaambiwa ana wazimu. Mashine inatumwa kutoka siku zijazo kuja kumlinda mtoto huyo. Mtoto anaiamuru isiue mtu, nayo inatii. Ikilazimika kupiga risasi, inalenga miguu. Kwa hiyo mtoto ndiye anayeifunza mashine thamani ya maisha ya watu. Kisha kuna mahali mama anawatazama wawili hao wakicheza, na moyoni anawaza kwamba kati ya wanaume wote waliopita katika maisha ya mwanawe, ni chuma hiki pekee kinachofaa kuwa baba: hakitamwacha, hakitalewa kikampiga, hakitamwambia hakina nafasi.

Nilisimamisha filamu hapo. Nilikuwa peke yangu sebuleni, saa tano usiku, na watoto wangu wamelala. Mashine ambayo haichoki wala haikosi nafasi iko tayari nyumbani mwangu, nami ndiye niliyeinunua. Mtoto akiniuliza swali jioni, nimetoka kazini, nampa simu. Simu haimkaripii na haisemi "kesho". Tofauti na ile ya Cameron, hii hakuna mtoto anayeweza kuiambia isiue mtu.

Nilimpigia mama yangu simu kumwuliza kuhusu kule Kimilili. "Mimi nilidhani wanasikiliza mpira," akasema. Simlaumu. Kwake jambo la kutisha lina mahali na saa yake. Sisi tulilelewa kwa hadithi za linani, zimwi la Wabukusu linalokula watu, na hadithi ya Mango aliyeliua joka, ambayo Bungoma nzima huikumbuka kila baada ya miaka miwili, msimu wa tohara unapofika Agosti. Hizo nazo zina damu. Linani humeza watoto. Ila aliyesimulia alikuwa kukhu, nyanya yetu, ameketi karibu nasi jikoni, moto ukimwonyesha nyuso zetu. Mdogo wetu akianza kujikunyata, kukhu alilipunguza zimwi, akalifanya lijikwae, au akamvuta mtoto ubavuni na kuendelea. Alipima kila usiku. Hakuna lebo ya umri ingeweza kumshinda kwa kipimo hicho.

Lebo zipo, na mzazi anapaswa kuzijua. Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini Kenya, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, hugawa filamu katika madaraja manne: GE kwa watu wote, PG kwa mtoto aliye na uangalizi wa mzazi, 16, na 18. Kwenye televisheni, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku hairuhusiwi kuonyesha ya watu wazima. Ni kazi njema. Lakini filamu iliyotiwa kwenye flashi dukani, ikahamia simu, ikatoka simu hiyo hadi nyingine katika nyumba ya wavulana, ilikwisha kuacha lebo yake njiani.

Katiba ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kwamba jukumu hilo ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Huo usawa nimeusoma mara nyingi. Katika nyumba nyingi ninazozijua, mama ndiye anayeulizwa mtoto ametazama nini, ilhali baba ndiye anayejua duka la muvi liko wapi na filamu ipi ina nini ndani. Sisi wapenzi wa filamu hatuna udhuru hapa. Ujuzi tunao.

Najua pia hali ilivyo. Mama anayeuza mboga sokoni Kitale hadi giza liingie, au mwendesha boda boda wa Kanduyi, hana saa mbili za kuketi na kutazama filamu. Simwombi hizo. Namwomba jambo ambalo wasimulizi wa filamu kama DJ Afro walilielewa zamani: kwamba picha inahitaji mtu wa kuisemea. Yeye aliingiza Kiswahili chake juu ya picha za Marekani na China, na mtu asiyejua Kiingereza akapata kuelewa. Kazi yake ni kuchangamsha, na anaiweza. Ya kumweleza mtoto kwa nini mtu huyu aliuawa, na kama yule aliyeua alikuwa na njia nyingine, hiyo ni kazi ya nyumbani, na inaweza kufanywa hata wakati wa kumenya viazi.

Wakenya wenyewe wamelionyesha hilo kwenye skrini. Katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012, Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD za filamu za mapigano huku akiziigiza mbele ya wateja. Anaingia Nairobi na ndoto ya kuwa mwigizaji, na genge ndilo linalompokea. Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, Jo ana miaka 9 na ugonjwa usiopona, naye anapenda mashujaa wa filamu kupita kiasi. Mama anataka alale apumzike. Dada mtu na kijiji kizima wanaamua kuingia ndani ya ndoto yake, wanamtengenezea filamu ambayo shujaa ni yeye. Wawili hao, kiu ni moja. Mmoja alipata watu wazima wa kusimama naye.

Niliitazama Supa Modo na mwanangu, yeye akiwa kwenye mkono wa kiti changu. Aliuliza maswali mengi kuhusu kifo, mengine sikuweza kuyajibu vizuri. Baada ya hapo ndipo aliponisimulia Chucky mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ndogo, nami nikamsikiliza bila kumkatiza. Bado naenda naye chooni usiku. Nasimama mlangoni na tochi.

Baba mwenzangu wa Kitale, wa Webuye, wa Chwele: leo jioni muulize mtoto wako ametazama nini, kisha unyamaze akwambie.