Kadari na Swali Lisiloulizwa

Ndugu zetu wa Roret na mashamba ya chai, penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, imewaokoa wengi. Lakini kwa wachache hugeuka sumu. Kwa dakika chache mwili huvimba, pumzi huziba, na mtu huweza kufa asipodungwa adrenalini upesi. Akifa, twasema: "Ni kadari." Naam, ajali i mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini je, muuguzi aliuliza ni dawa gani iliyopata kumdhuru? Na jamaa waliojua, walisema? Kadari hatujulishwi kabla. Kuuliza na kusema ni wajibu tuujuao. Basi asiyeuliza asijifiche nyuma ya kadari, wala aliyejua akanyamaza. Liandikeni jina la dawa hiyo, mwende nalo hospitali.