Nani Amwambie Mtu Yeye ni Nani?

Wahenga walisema, "Mkataa kwao mtumwa." Methali hii twaijua sote, na watoto wetu waijua. Lakini liko swali ambalo haikulijibu: mtu amkatazaye mwenzake kwao, tumwite nani? Tena yule amwambiaye mwenzake, "Kwa kuwa kwenu ni kule, huna budi kutenda hivi," tumwite nani? Twapenda kuyapima maswali haya kwa mambo ya nchi ya Marekani, maana huko rangi na kura zimefungamana tangu zamani, wala hazijaachana hata leo.

Kwanza yatupasa kujua jinsi rangi ilivyoandikwa huko. Serikali ya Marekani huwahesabu watu wake kila baada ya miaka 10. Hata mwaka 1950 karani alikwenda nyumba kwa nyumba, akamtazama mtu uso, akaandika rangi yake kama alivyoiona yeye. Tangu 1960 watu walianza kujiandikia wenyewe, na tangu 2000 wakapewa ruhusa ya kutaja asili zaidi ya moja. Katika hesabu ya 2020 watu wapata milioni 33.8 walifanya hivyo, yaani kama mtu mmoja katika kila 10. Wala jambo hili halikuwa la wino tu. Sheria ya 1870 ilikataza mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi; lakini katika majimbo ya kusini watu weusi walizuiwa kwa kodi, kwa mitihani ya kusoma na kwa vitisho, mpaka sheria ya haki ya kura ilipotolewa mwaka 1965.

Sasa na tutazame maneno mawili. Mwezi wa Mei 2020 Joe Biden, alipokuwa akiutafuta urais, alisema katika redio kwamba anayesitasita kuchagua kati yake na Donald Trump, huyo si mtu mweusi. Siku ile ile aliyajutia maneno yake. Tarehe 31 Julai 2024, mjini Chicago, Donald Trump alisema mbele ya waandishi wa habari weusi ya kuwa Kamala Harris alikuwa akijitaja kuwa wa asili ya Kihindi tu, kisha ghafula akageuka kuwa mweusi. Lakini baba yake Harris alitoka Jamaika, na mama yake India. Naye alisoma Howard, chuo kilichoanzishwa mwaka 1867, mara baada ya utumwa kukomeshwa. Hakugeuka.

Watu hawa wawili walikuwa wapinzani, lakini maneno yao yana mzizi mmoja. Wa kwanza aliifanya rangi kuwa kamba ya kumzuia mpiga kura zizini. Wa pili aliifanya kuwa mlango wa kumfungia mgombea nje. Kila mmoja aliketi mahali pa yule karani wa zamani, akashika kalamu yake. Tena kila mmoja aliepa kazi iliyompasa: mmoja kuonyesha matendo yake yapate kupimwa, mwingine kuzijibu hoja za mpinzani wake.

Wako watakaosema, "Basi rangi isitajwe kabisa." Neno hili lina uzuri wake, lakini halitoshi. Tarehe 7 Machi 1965, pale Selma katika Alabama, watu waliokuwa wakienda kudai kura walipigwa na askari darajani. Kura walinyimwa kwa jina la rangi. Wangewezaje kuidai pasipo kulitaja jina hilo? Mwenye jeraha hana budi kusema anapoumia. Kuitaja rangi si kosa. Kosa ni kuiweka mahali pa hoja.

Wengine watasema, "Damu nzito kuliko maji, kila mtu na amchague wa kwao." Mwaka 2008, alipochaguliwa Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, serikali ya Kenya iliifanya tarehe 6 Novemba kuwa sikukuu. Furaha ile ilikuwa halali, kama ya ukoo ambao mtoto wao amesifiwa. Lakini mwenye kura ana deni ambalo mwenye kushangilia hana, kwa kuwa rais amchaguaye atamtawala na jirani yake asiye wa ukoo ule.

Kwa hiyo twaona hivi. Asili ya mtu ni yake kuieleza, maana ndiye aijuaye nyumba aliyolelewa. Kura yake nayo ni yake kuipima. Naye aombaye kura kwa jina la rangi au kabila, popote pale, na aulizwe, "Utawatendea nini wale wasiofanana nawe?" Wasomaji wetu, ulizeni hivyo, kisha msikilize kwa makini atakavyojibu.