Chungu cha 12: Kaa kwanza, ndipo uone



Jana baada ya tarawehe mmoja wenu aliniandikia: "Ustadh, hii dhana njema mnayotuhimiza, si ndiyo kujidanganya? Mimi nimepoteza kazi. Niione vipi kuwa vizuri?" Sikumjibu usiku ule. Nimelala nalo swali lake, nimeamka nalo daku. Naamini si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza nikiri kosa langu. Miaka michache nyuma, ndugu mmoja wa msikitini kwetu duka lake liliungua usiku. Nilimkuta alfajiri, nikamshika bega, nikamwambia, "Mshukuru Allah, ina heri ndani yake." Maneno ya kweli kabisa. Lakini niliyasema majivu bado ya moto, halafu nikaondoka zangu. Akaacha kuswali kwetu karibu mwaka mzima. Nikijitazama leo, naona sikumliwaza. Nilimfunga mdomo ili mimi nisisikie uchungu wake.

Kwa hiyo swali ni la haki. Mtazame Nabii Yaaqub (a.s.) katika Sura Yusuf. Tunamsifu kwa subira njema, tunasahau kuwa alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe wakamlaumu. Yeye hakusema kwamba hana huzuni, alisema huzuni yake anamshitakia Allah. Na mzee huyo huyo, macho hayaoni, ndiye anayewatuma wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye, wasikate tamaa na rehema ya Mola. Machozi na matumaini, kifua kimoja. Basi dhana njema haikudai uliite baya kuwa zuri. Kupoteza kazi ni vibaya, ndugu yangu, una watoto.

Sasa kuchagua kuko wapi? Chukua jambo dogo. Umemtumia ndugu yako ujumbe, alama mbili zimegeuka buluu, hajajibu. Saa moja, saa mbili. Kilichotokea ni kimoja tu: amesoma, hajajibu. Lakini moyo umeshaandika kitabu: ananidharau huyu, tangu apate pesa amebadilika, hata kwenye msiba wa mama alichelewa. Hayo umeyaongeza wewe, na unayasoma kana kwamba yametoka kwenye simu!

Tafakuri ni kukaa kimya mpaka uuone mshono, pale jambo lilipoishia na wewe ulipoanzia. Kazi imepotea, hilo hukulichagua. "Mimi ni mtu wa mikosi, Mungu amenitupa," hilo limeshonewa juu yake. Na kilichoshonwa hufumuliwa.

Wala usidhani ni mambo ya kuazima kwa watu. Mwisho wa Sura Aal Imran wanasifiwa wanaomkumbuka Allah wakisimama, wakikaa na wakilala kwa ubavu, na wakatafakari uumbaji wa mbingu na ardhi. Mtume (s.a.w.) kabla ya wahyi alikuwa akijitenga katika pango la Hira. Imamu Ghazali katika Ihya alitenga kitabu kizima cha kutafakari. Sisi tumebaki na tasbihi za haraka haraka, kama mtu anayehesabu chenji.

Jaribu hivi. Baada ya Alfajiri usishike simu. Kaa pale pale kwenye mswala dakika kumi, vuta dhikri polepole, kisha lilete jambo moja tu linalokusumbua. Jiulize nini hasa kimetokea, nini nimekiongeza. Usikimbilie jibu. Chuo cha ualimu tulifundishwa ukiuliza swali darasani unyamaze kidogo, mtoto apate kufikiri. Moyo nao ni mwanafunzi, na wangu ni mzito kuelewa.

Na huenda usiione heri yoyote leo. Mwaka wa 6 Hijria Masahaba walizuiwa umra, wakapatana na Makuraishi pale Hudaybiya kwa masharti yaliyowauma. Sayyidna Umar (r.a.) alihoji waziwazi. Walipoambiwa wachinje na wanyoe, kwa huzuni hakuinuka mtu. Mtume (s.a.w.) akaingia kwa Ummu Salama (r.a.), naye akamshauri atoke asiseme na yeyote, achinje na anyoe mwenyewe. Akafanya hivyo, nao wakainuka. Njiani kurudi ikateremka Sura Al-Fat-h, inayouita mkataba ule ushindi. Makka yenyewe ilifunguliwa mwaka wa 8. Siku ile ya Hudaybiya nani angeliona hilo?

Niongeze moja, maana najua watu wanavyotumia darsa hizi. Mwenye kudhulumiwa mshahara, au anayepigwa nyumbani, asiambiwe akae atafakari tu. Aende kwa kadhi, kwa serikali, adai. Dhana njema kwa Allah haimzuii mtu kudai haki yake kwa binadamu.

Yule ndugu wa duka nilimfuata mwenyewe, nikamwomba radhi. Tulikaa barazani na kahawa, muda mrefu hakuna aliyesema. Mwisho akaniambia, "Ustadh, siku ile ungekaa tu."

Wewe uliyeniandikia, leo baada ya tarawehe nipo hapo hapo barazani. Njoo. Kahawa ipo, na tende zilizobaki za futari.

Wabillahi tawfiq.