Uraia na Daftari la Shamba

Suala la kufundisha uraia mashuleni limezungumzwa sana nchini Tanzania, na majina ya somo hilo yamebadilika pamoja na nyakati. Waliosoma katika miaka ya 1970 walilijua kwa jina la Siasa; baada ya nchi kurejea kwenye mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, likaitwa Uraia. Vitabu navyo vimebadilika. Hata hivyo liko swali ambalo halijabadilika, nasi twaona kuwa ndilo zito kuliko yote: je, kijana aweza kufundishwa uraia mahali ambapo yeye mwenyewe hatendewi kama raia?

Tuitazame Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 18 yampa mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 27 yamtwika wajibu wa kulinda mali ya umma. Mwanafunzi hodari huzikariri zote mbili akapata alama zake. Sasa tuchukulie kwamba shule yake ina shamba, na wanafunzi wamevuna magunia 40 ya mahindi. Magunia 25 yameingia jikoni. Katika mkutano wa shule mwanafunzi huyo anasimama na kuuliza: yale 15 yako wapi? Hapo ndipo somo linapoanza hasa. Akionyeshwa daftari la mauzo, amezielewa ibara zote mbili kwa siku moja. Akichapwa kwa utovu wa adabu, amejifunza pia, tena jambo ambalo hatalisahau: kwamba mali ya wote ina mwenyewe, na mwenyewe huyo haulizwi.

Wako watakaotukumbusha kuwa katika mila zetu mtoto hamhoji mkubwa. Hoja hiyo si ya kubezwa, kwani jamii isiyo na heshima haikaliki. Lakini heshima na woga ni vitu viwili, ingawa vyote huinamisha kichwa. Mzee aliyekabidhiwa mali ya yatima alitazamiwa kuitolea hesabu mbele ya ukoo, wala kuulizwa hakukumvunjia hadhi. Kilichomvunjia hadhi ni kukosa jibu. Adabu hutawala namna ya kuuliza. Kazi ya mwalimu basi ni kumfundisha kijana kuuliza kwa staha, si kumnyang'anya swali lake.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao, hesabu zitunzwe, na faida ya jasho lao waione wenyewe. Shule nyingi zilichukua jembe zikaliacha daftari. Si ajabu basi kwamba kulima kuligeuka adhabu ya wachelewaji, na vijana wakaondoka shuleni wakiichukia kazi ambayo ingewafunza kujitawala.

Walimu hulalamikia uhaba wa vifaa, na ni kweli vifaa ni haba. Lakini daftari hilo lipo, au laweza kuwapo kwa bei ya daftari moja. Katiba nayo imeandikwa kwa Kiswahili, ingawa kwa miaka mingi shule za sekondari zilifundisha uraia kwa Kiingereza, kana kwamba haki za mtu zinahitaji mkalimani! Kipindi kimoja cha kuisoma ibara kwa sauti, katika lugha ambayo kijana huitumia kudai chenji yake dukani, chaweza kufanya kazi kubwa kuliko kurasa nyingi za kunakili ubaoni.

Upo pia uchaguzi wa viranja. Mahali pengine majina huchujwa na walimu, kura hupigwa, kisha masanduku hubebwa hadi ofisini na mlango ukafungwa. Wanafunzi huyaona hayo yote, wala hawahitaji kuelezwa maana yake. Mwalimu atakayezihesabu kura hizo uwanjani, mbele ya waliozipiga, huenda akampata kiranja mkuu asiyemtaka. Itambidi kufanya naye kazi mwaka mzima.