Visima vya Isaka na Bustani Zetu



Sura ya 26 ya Kitabu cha Mwanzo yatueleza habari za Isaka katika nchi ya Gerari. Njaa iliingia, lakini Bwana akamkataza kushuka Misri. Isaka akakaa, akapanda, akavuna. Tena alivifukua visima vya Ibrahimu baba yake, ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia, akaviita kwa majina yao ya zamani.

Sisi wa Dodoma twaielewa habari hii. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Siku hizi yachelewa, au yakatika mbegu zikiwa zimekwisha chipua, kisha yashuka kwa kishindo na kuchukua udongo. Wataalamu wanatueleza kwamba moshi wa makaa ya mawe na mafuta umeongeza joto la dunia. Mioto hiyo mikubwa hatukuiwasha sisi. Hata hivyo jembe limo mikononi mwetu.

Je, tukae tukiomba tu? Kuombea mvua ni wajibu wetu, wala tusiache. Lakini aombaye mvua na achimbe mahali pa kuipokea.

Hapa hapa kwetu, katika kijiji cha Chololo, wakulima huchimba mashimo yenye upana wa sentimeta 22 na kina cha sentimeta 30. Kati ya shimo na shimo ni sentimeta 60, na kati ya mstari na mstari ni 90, mistari ikikingama mteremko. Ndani hutiwa majivu ya kuzuia mchwa, samadi na mabua, ndipo mbegu hupandwa. Maji ambayo yangekimbia bondeni hubaki penye mizizi. Tupande humo uwele na mtama, vyakula vya wazee wetu vistahimilivyo ukame kuliko mahindi. Hivyo navyo ni visima tulivyovifukia wenyewe! Matuta ya mchicha tuyafunike kwa majani makavu, na maji tuliyooshea mboga tuyamwage shinani mwa mpapai.

Tukumbuke pia kwamba wachungaji wa Gerari waligombania maji. Isaka akawaachia kisima kimoja, akawaachia na cha pili, kilichoitwa Sitna, yaani uadui. Cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Tukinyweshea nyanya zetu kwa maji ya bomba la mtaa, huku jirani anangoja ndoo moja ya kunywa, bustani yetu ni Sitna, hata ikistawi namna gani. Mwenye kiu kwanza, mboga baadaye.

Basi, kabla mvua haijaanza, kila nyumba na ichimbe mashimo yake, kisha tuchimbe na ya mjane au mzee asiyeweza jembe. Ndipo Sikukuu ya Mavuno itakapokuwa shukrani ya wote.

Bwana aliyempa Isaka nafasi atujalie na sisi. Amina.